UKINGO WA MTO NA MLANGO WA UTAMADUNI

Utamaduni wa taifa hauhifadhiwi na kuta peke yake, bali na watu waingiao ndani ya kuta hizo. Kwa hiyo, tuonapo mji umejenga majumba makubwa ya sanaa, yatupasa kuuliza kwanza: ni nani apitaye mlangoni? Hebu tulipime swali hili kwa kuufuata kwa miguu ukingo wa kusini wa mto Thames, mjini London, kutoka ukumbi wa Royal Festival Hall hadi jumba la michezo la Globe. Ni mwendo usiotimiza saa moja.

Ukingo huu haukuwa na heshima tangu mwanzo. Katika karne ya 16, wakuu wa jiji, lililokuwa ng'ambo ya kaskazini, waliiona michezo ya kuigiza kuwa chanzo cha uhuni na maradhi. Ndiyo sababu majumba ya michezo yalijengwa upande wa kusini, nje ya mamlaka yao: Rose mwaka 1587 na Globe mwaka 1599. Kilichofukuzwa mjini jana ndicho kiitwacho leo hazina ya taifa.

Royal Festival Hall ulifunguliwa mwaka 1951, baada ya vita kuu, uwe burudani ya wananchi. Hata hivyo, ni mwaka 1983 tu kumbi zake za mbele zilipoachwa wazi mchana kutwa, hata kwa asiye na tikiti. Mbele kidogo liko jumba la National Theatre la mwaka 1976, lililolaumiwa sana kwa sura yake ya zege tupu. Sisi twaona kwamba lawama hiyo ilikosa shabaha. Jengo lenye sura ngumu na mlango mwepesi ni bora kuliko jengo zuri lililofungwa.

Tate Modern nayo ilikuwa kituo cha kuzalisha umeme, kilichofungwa mwaka 1981 na kufunguliwa kuwa jumba la sanaa mwaka 2000. Hazina yake hutazamwa bila kiingilio, ingawa maonyesho maalumu hulipiwa. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini jina lenyewe latoka kwa Henry Tate, tajiri wa sukari wa karne ya 19. Na biashara hiyo ya sukari msingi wake uliwekwa kwa jasho la watumwa wa Kiafrika katika visiwa vya Karibi. Mlango ulio wazi haufuti historia ya mali iliyoujenga.

Twafika Globe, iliyojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1997 kwa juhudi za Mmarekani Sam Wanamaker, aliyefariki mwaka 1993 kabla ya kuiona imekamilika. Uani, watazamaji husimama kwa kiingilio kidogo, kama zamani. Mwaka 2012 tamthilia 37 za Shakespeare zilichezwa hapo kwa lugha 37, na waigizaji kutoka Kenya walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili.

Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tusikosee tukadhani kwamba siku hiyo Kiswahili kilifaulu mtihani. Mwalimu Nyerere alikwisha kutafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Lugha yetu haikungoja jukwaa la London ili ithibitishe uwezo wake. Ilikwenda kama mgeni, na mgeni, hata akikirimiwa vipi, huwa na kwao.

Basi tusiige majengo ya ukingo ule, tuige mlango. Ukumbi wa shule uchezwapo tamthilia ya Kiswahili, na ufunguliwe kwa mkulima, mama muuza maandazi na mtoto asiye na sare. Wakiingia bila kuulizwa wafuata nini, hapo ndipo utamaduni wa taifa utakapokuwa umepata makao.