Kutazama Kabla ya Kugusa

Kompyuta ya mezani ya steshenari huwaka vizuri asubuhi. Ikifika saa tano inaganda, na ukiizima na kuiwasha tena, kioo kinasema hakuna diski. Mwenye duka ameshaambiwa kwamba diski imekufa, anunue nyingine. Fundi mzuri hasemi ndiyo wala hapana. Anauliza tu: "Ikipoa inarudi, dada?" Inarudi. Jibu hilo halimalizi kesi, maana hata diski mbovu yaweza kuzinduka ikipoa, ila linampa sababu ya kushuku mahali pengine kwanza.

Anachomoa umeme, anashika chuma cha kasha ili kuondoa umemetuli mwilini, anafungua ubavu. Kisha hagusi kitu. Ninachokihusudu katika kazi yake ni hicho hasa. Mwenye haraka angechomoa plagi zote mbili za diski, ya data na ya umeme, na kuzikandamiza tena. Mashine ingewaka, angelipwa, na hakuna ambaye angejua kilichokuwa kimelegea. Kwa kitendo kimoja angekuwa amefuta ushahidi wote. Wiki ijayo dada angerudi na kasha lake begani.

Fundi wetu anamulika tochi. Diski hii imeunganishwa kwa mfumo wa SATA: waya wa data una pini 7 na wa umeme una 15, na matundu yote mawili yana umbo la herufi L ili plagi isiingie kichwa chini. Anatazama kama plagi imeinama, kama klipu yake ya chuma imepoteza mkazo au haikuwapo tangu mwanzo, kama waya umevutwa kupita nyuma ya feni ukawa unaning'iniza plagi mchana kutwa. Upande wa umeme anatafuta plastiki iliyobadilika rangi, hasa palipowekwa kiunganishi cha kugeuza plagi ya zamani yenye pini 4. Plagi hizi hazikuundwa kwa purukushani: kiwango cha SATA kinadai ile ya waya wa ndani ivumilie kuchomekwa mara 50 tu. Na mashine ya mtumba huwa imetikiswa melini na kwenye malori kabla ya kufika dukani.

Sasa anaiwasha, ncha za vidole zikiwa juu ya diski. Diski nyingi za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na mzunguko huo husikika mkononi. Mashine ikiganda huku mtetemo ukififia na kuanza upya, anashuku umeme: volti 12 zinazoendesha mota zimekatika. Mtetemo ukiendelea sawasawa ilhali kompyuta haiioni diski, anageukia waya wa data. Utambuzi huu haudai kifaa chochote cha kununua.

Leo mtetemo unaendelea. Anaisubiri mashine irudi, na kazi yake ya kwanza ni kunakili mafaili ya dada kwenye diski nyingine, kwa sababu bado hajawa na hakika. Baada ya hapo anasoma kumbukumbu za SMART ambazo diski hujiandikia yenyewe. Namba 5 huhesabu sekta mbovu zilizohamishwa; hapo pana sifuri. Namba 199 huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na bodi. Hapo pana mamia. Hesabu hiyo haishuki hata ukiweka waya mpya, kwa hiyo wengi huiona, wakaogopa, wakatupa diski nzima. Yeye anaiandika kwenye karatasi.

Anabadilisha waya wa data peke yake. Tundu la bodi ni lilelile, plagi ya umeme haijaguswa. Anaupitisha mbali na feni, ukiwa umelegea kidogo usivute, anasikiliza klipu ikilia. Kisha anaiacha mashine ikinakili mafaili makubwa, ubavu umefungwa ili joto lipande kama dukani, naye anaenda kuhudumia wengine. Jioni anasoma namba 199 na kuilinganisha na karatasi: haijaongezeka hata moja.

Waya wa zamani anaukata katikati kwa koleo kabla ya kuutupa, usije ukaokotwa na kijana wa ofisini na kurudi kwenye droo ya vipuri.