Kukanda Si Kutomasa

Waalimu wa osteopathia, tiba iliyoasisiwa na Andrew Taylor Still nchini Marekani mwaka 1874, na wale wa tiba ya sindano ya Kichina, humfunza mwanafunzi kuchunguza mwili kwa vidole. Hatukubaliani na kuiita kazi hiyo "kukanda". Kukanda ni kutibu. Mkono unaokanda haudadisi kitu. "Kupapasa", neno lililozoeleka zaidi, lafaa juu ya ngozi tu, tena lina dalili ya kutafuta gizani.

Mkazi wa Kilimarondo, wilayani Nachingwea, atakaye kujua embe limeiva hulitomasa: hubonyeza taratibu apate habari za ndani. Ndivyo afanyavyo mkunga atafutapo kichwa cha mtoto tumboni. Mwanafunzi aliyeamriwa "kanda" aweza kumdhuru mja mzito. Hata mganga wa Kichina, ashikapo mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, huanza kwa wepesi kisha akazidisha mkazo. Kwa hiyo twapendekeza "kutomasa". Tunatambua kwamba neno hili lina maana nyingine, ya faragha, na darasa litacheka. Litacheka siku ya kwanza.