Uhuru wa Taifa na Kibanja cha Binti: Uchambuzi wa Hukumu ya Mwaka 1990

Thomas Jefferson, aliyeandika mwaka 1776 kuwa watu wote wameumbwa sawa, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Ni rahisi kuwanyoshea Wamarekani kidole. Lakini na tuvitazame kwanza vibanja vyetu vya Bukoba na Muleba.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1965 sheria iliwafungulia wapangaji wa nyarubanja njia ya kuwa wenye ardhi waliyoilima. Hilo lilikuwa tendo la haki. Hata hivyo, miaka miwili kabla yake, yaani mwaka 1963, Serikali hiyo hiyo ilikuwa imetangaza kanuni za mila za urithi. Kwa kanuni ya 20, mwanamke aliweza kuitumia ardhi ya ukoo, ila hakuweza kuiuza maadamu alikuwapo mwanamume wa ukoo huo. Mpangaji alifunguliwa, binti yake akabaki kama mpangaji katika kibanja cha baba yake.

Kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ilianzia katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba. Mwanamke mzee, asiye na wa kumtunza, aliuza kwa shilingi 300,000 ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Ndugu wa ukoo akapinga. Mahakama ya Mwanzo ilibatilisha mauzo hayo. Mahakama ya Wilaya ikayathibitisha. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na Hati ya Haki iliyotiwa katika Katiba mwaka 1984.

Wapo wasemao kuwa hukumu hiyo iliuvunja ukoo. Hatukubaliani nao. Jaji aliwaachia wana ukoo haki ya kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti za Selofehadi: Hesabu 27 yawapa urithi, na Hesabu 36 yaihifadhi nchi ya kabila lao.

Upungufu tunaouona ni mwingine. Kesi ya binti haikumfikia mjane, ambaye kanuni za 1963 zilimnyima fungu pale marehemu alipoacha ndugu wa ukoo wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilizibatilisha mila zinazowanyima wanawake haki ya ardhi. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilikiri kuwa kanuni za urithi zinawabagua wanawake, kisha ikakataa kuzifuta.

Basi, hukumu husomwa Mwanza, bali kibanja hugawiwa nyumbani, baada ya matanga, na mara nyingi mchungaji ameketi hapo katika kiti cha heshima. Akiombwa kufunga kwa sala kikao kilichomwondoa mjane migombani mwake, asifunge kabla hajauliza: mama huyu atakula wapi? Tukinyamaza hapo, hatuna haki ya kumhukumu Jefferson.