Kisu Kinachoujua Mwaa

Mwezi wa pili, kabla masika hayajaanza, pwani yetu hukauka hadi mihogo ikapukutisha majani na nyasi zikavunjika ukizikanyaga. Mwaa peke yake ndio unaobaki kijani. Umesimama kichaka kichaka kwenye mchanga nyuma ya ufuo, chumvi ya bahari ikiupiga, mbuzi wakiutafuna, moto wa kusafishia mashamba ukiupitia kila mwaka. Ukiungua leo, mvua ikinyesha unachipua kutoka chini. Mwenye shamba anauona gugu. Kung'oa shina lake ni kazi ya kutwa nzima, na mabua yake yana miiba iliyopinda inayojua kuikamata kanzu.

Wataalamu wa mimea wanauita Hyphaene coriacea. Umeenea ukanda wa pwani kutoka Somalia hadi Afrika Kusini, na ng'ambo huko Madagaska. Uko ukoo mmoja na mkoche na mkoma, na majina haya matatu hubadilishana kutoka kijiji hadi kijiji bila mtu kugombana. Mtaa wa Mikocheni jijini Dar es Salaam umebaki na jina la miti hii, ingawa kinachoota kule siku hizi zaidi ni kuta na mageti. Usiuchanganye na mkindu. Mkindu jani lake limechanika pande mbili mfano wa jani la mnazi, nao unapenda kando ya maji. Ndio unaotoa mikeka laini ya kutandikiwa bibi harusi. Mwaa jani lake limetanda mfano wa upepeo, gumu, na kazi zake ni zile za kubeba uzito: jamvi, kanda, kikapu cha sokoni, kamba ya kitanda.

Siri ya ugumu huo iko chini ya ardhi. Kokwa lake likiangukia mchanga halikimbilii kutoa jani. Hutoa kwanza mrija mnene unaoshuka wima, mara nyingi zaidi ya futi moja, ukikibeba kijimche hadi kwenye udongo unaohifadhi unyevu. Huko chini ndiko mizizi inakoanzia, na ndipo jani la kwanza linapopanda kuitafuta njia ya kutokea. Kwa juu unaweza kukaa miezi huoni kitu ukadhani mbegu imeoza. Ndiyo maana anayetaka kuupanda hauoteshi kwenye kikopo kifupi akauhamisha baadaye. Mrija hufika chini ukapinda, na mche hudumaa. Kokwa huvuliwa nyama yake, ile ya kahawia yenye nyuzi ambayo watoto huitafuna kwa utamu wake, likalowekwa, likafukiwa palepale mti utakapoishi. Panda kadhaa, kwa sababu kuna mwaa dume na mwaa jike, na ni jike tu litakalokupa koma, yaani tunda lake.

Lakini wanaopanda ni wachache. Miyaa mingi huvunwa porini, na hapo ndipo naona ufundi wenyewe ulipo. Tukiusifu mkeka, tunamsifu aliyesuka. Aliyekata hatumtaji, hata kama ni mtu yuleyule.

Jani linalofaa ni lile changa la katikati, ambalo halijafunguka bado, limesimama wima limebanwa pamoja kama upanga alani. Likishafunguka jua limelikausha, limekuwa gumu na rangi imekolea, halisukiki vizuri. Tatizo ni kwamba jani hilo limekaa juu kabisa ya kilele cha shina, na shina la mwaa lina kilele kimoja tu. Ukipeleka kisu chini kupita kiasi umekata na kilele, na shina hilo limekwisha. Nimewatazama wanawake wakikata huko upande wa Kilifi. Mmoja anapita kwenye kichaka akigusa majani kwa ncha za vidole, hili analiacha, lile analikata, na kila mara kisu kinakaa juu ya pale bua linapoanza. Shina lililotoa jani mwezi huu halirudiwi mpaka litoe mengine yakafunguka. "Liache nalo lipumue," akamwambia binti yake aliyenyoosha mkono mara ya pili. Huo ndio ulinzi wa msitu ambao haukuandikwa kwenye kibao.

Nyumbani jani hufunguliwa, likaanikwa juani mpaka kijani kigeuke rangi ya maziwa, kisha likachanwa. Uti wa kila kidole cha jani huondolewa, zikabaki chane za upana mmoja. Upana huu haupimwi kwa rula. Ukucha wa kidole gumba unatosha, na ukizilaza kumi pamoja hutaiona iliyozidi. Za rangi huchemshwa peke yake. Zamani weusi ulitokana na mizizi ya mdaa. Sasa ni rangi ya unga ya dukani, na sioni dhambi, ila ile nyekundu hutoka mvua ya kwanza ikakuachia alama kwenye kanzu.

Kusuka kwenyewe huanza na kunyunyiza maji, maana chane kavu hukatika. Wengi husuka asubuhi mapema au jioni hewa ikiwa na unyevu. Kinachosukwa si mkeka bali ukili, utepe mrefu usio na mwisho, unaoviringishwa kadiri unavyokua mpaka ukawa gurudumu. Msukaji anaongea, anabembeleza mjukuu, anamjibu jirani, na mikono haisimami. Chane ikikaribia kwisha, mpya hulazwa juu yake mapema, zikaenda pamoja hatua chache, mkia ukaachwa upande wa chini. Ukili ukitosha ndipo kushona: kwa jamvi, tepe hulazwa ubavu kwa ubavu, kwa kikapu, ukili mmoja huzunguka juu yake wenyewe. Mwisho pembeni huwekwa taraza ili ncha zisifumuke.

Kwa ukili huohuo watu wa pwani walijaza nyumba: kifumbu cha kukamulia tui, kawa la kufunikia chakula, shupatu la kitanda, shogi la kumtwisha punda. Plastiki ilivifuta vingi. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, kikapu kilirudi sokoni, na watalii nao wakakipenda. Bei ya mjini ilipanda. Ya kijijini, kwa nionavyo, bado inahesabu kushona tu, kama kwamba kukata, kuanika na kuchana vinafanywa na jua.

Ukienda kununua, usitazame maua ya rangi. Geuza kikapu ndani nje utazame mikia ya chane: iwe imepunguzwa karibu, isichome mkono. Vuta mshono kwa vidole viwili. Ukipanuka ukaona mwanga, rudisha. Nusa, maana miyaa iliyosukwa ikawekwa mbichi hunuka ukungu. Kisha hesabu chane kwenye ukili mahali pawili tofauti. Ikiwa hesabu ni moja na upana ni mmoja, mlipe mama anayekuuzia alichotaja.