Rosemary Clooney alivyoimba kwa pumzi fupi

Mwaka 1951 Rosemary Clooney wa Maysville, Kentucky, alivuma Marekani kwa “Come On-a My House”, wimbo ambao mwenyewe hakuupenda. Mitch Miller wa kampuni ya rekodi ya Columbia ndiye aliyemshinikiza auimbe. Kinanda cha kale chenye nyuzi kinarindima mwanzo hadi mwisho, na mwimbaji anakimbizana nacho. Sauti ya msichana wa miaka 23 iliyamudu hayo. Alipoanza kurekodi na kampuni ya Concord Jazz mwaka 1977, baada ya maradhi ya akili yaliyomwangusha mwaka 1968, sauti ilikuwa imeshuka na kuwa nzito, na pumzi imefupika.

Hata hivyo, kwangu rekodi za Concord ndizo kazi yake bora, na siri iko kwenye mpangilio. Kundi ni dogo: piano, besi, ngoma, mara nyingi gitaa, pamoja na saksofoni ya Scott Hamilton na korneti ya Warren Vaché. Hakuna okestra nzito ya kumfunika. Clooney anakata mstari pale maneno yanapotaka kupumua, kama mtu anayezungumza. Noti ya mwisho haing’ang’anii. Anaiachia mapema, na Hamilton anaingia kwenye pengo hilo kwa kifungu kifupi, laini, huku mwimbaji akivuta hewa. Pumzi fupi inageuka sehemu ya mdundo. Sijui mwimbaji wa rika lake aliyelifanya hili kwa utulivu kama huu.

Linganisha na albamu ya Blue Rose ya 1956. Bendi ya Duke Ellington ilirekodiwa kwanza New York. Clooney, aliyekuwa mjamzito, akaongeza sauti yake baadaye huko California, Billy Strayhorn, mpangaji muziki wa Ellington, akimwongoza. Ni albamu ya kupendeza sana, lakini mkanda haumsubiri mwimbaji. Kila pumzi ilibidi iangukie pale bendi ilipokwisha kuacha nafasi.

Huko Concord, uteuzi wa nyimbo nao ulisaidia. Katika miaka ya 1980 alitoa albamu za Cole Porter, Harold Arlen na Irving Berlin, watunzi ambao nyimbo zao zinabebwa na maneno, naye hutamka kila silabi ikasikika. Kwenye nyimbo za kasi uchovu wa sauti hujitokeza. Kwenye za taratibu, hasa za Arlen, uzito ule wa chini unaongeza huzuni ambayo msichana wa 1951 hakuwa nayo.