Agosti ya Igurwa: mkungu mmoja, mzigo mmoja wa nyasi

Mgeni akipita Igurwa mwezi wa Agosti anaweza kudhani shamba limelala. Maharage ya masika yameshaingia ndani, mahindi yamevunwa, vumbi limetanda juu ya migomba ya kando ya barabara, na kila mwisho wa wiki kuna harusi. Katika kata hii ya wilaya ya Karagwe, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya Kagera, mvua hukatika kuelekea Juni na kurejea Septemba. Huko Ulaya mkulima wa mwisho wa majira ya baridi husubiri ardhi ipate joto. Hapa, hatua chache tu kusini mwa ikweta, joto halipandi wala halishuki sana. Kinachosimamisha mimea ni kiu. Mgomba wenyewe haulali, unapunguza mwendo tu. Unaendelea kutoa jani moja moja, na ndani ya shina unaandaa mkungu utakaoonekana miezi ijayo. Hoja yangu ni kwamba mkungu huo unategemea zaidi kazi ya wiki hizi kavu kuliko wingi wa mvua itakayofuata.

Mji wa Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, sawa na wa Mhaya, una ardhi za namna tatu. Kibanja huizunguka nyumba: migomba, kahawa, maharage chini yake, na makaburi ya wazee. Pembezoni ni kikamba, pa mihogo, viazi na mahindi. Juu ya vilima ni rweya, nyanda za nyasi. Watu wengi huamini kwamba mababu walichagua mahali penye rutuba wakajenga hapo. Mambo yalikwenda kinyume. Walijenga, na rutuba ikaja baadaye, ikihamishwa kidogo kidogo kutoka rweya. Mhamishaji mkuu alikuwa ng'ombe: mchana alikula kilimani, usiku akalala nyumbani na kuacha samadi. Karagwe ya mfalme Rumanyika, ambayo wasafiri Speke na Grant waliifikia mwaka 1861, ilikuwa nchi ya ng'ombe. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwafyeka, na tangu hapo mfumo mzima umekuwa ukichechemea. Utafiti wa Baijukya na mwenzake kuhusu vibanja vya Bukoba, uliochapishwa mwaka 1998, ulihesabu kinachoingia na kinachotoka shambani, na tofauti kati ya kaya yenye ng'ombe na isiyo naye ilijitokeza wazi. Asiye na ng'ombe anakula akiba ya mababu.

Hesabu hiyo mtu anaweza kuifanya mwenyewe kwa penseli. Kilo moja ya ndizi ina takriban gramu 4 za potasiamu, madini ambayo mgomba huyanyonya kuliko mengine yote. Mkungu wa kilo 25 unaopakiwa kwenye Fuso umeondoka na gramu 100. Lori la tani 10 linaloelekea Mwanza au Dar es Salaam linabeba kilo 40 za potasiamu, zaidi kidogo ya iliyomo kwenye mfuko mmoja na nusu wa mbolea ya MOP wa kilo 50, na ni nadra kumwona mkulima mdogo akinunua mbolea hiyo kwa ajili ya migomba. Sasa geukia kilimani. Nyasi kavu za kiangazi zina potasiamu kidogo, tukadirie kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito wake. Kurudisha gramu 100 kunahitaji basi kilo 10 hadi 20, yaani mzigo mmoja wa kichwani. Mkungu mmoja ukienda sokoni, mzigo mmoja wa nyasi ushuke kutoka rweya. Mkungu unaoliwa nyumbani una hesabu nyingine, kwa kuwa maganda yake hurudi shambani, na ndiyo sababu migomba ya nyuma ya jiko hunenepa kuliko ya mpakani.

Hapo ndipo Agosti inapobana, kwa sababu nyasi hizo zina wateja wawili. Mwenye kibanja anazitaka zikiwa zimesimama. Mfugaji anataka zichomwe ili machipukizi mabichi yatoke hata kabla ya mvua kukolea. Moto ukishapita, nitrojeni imekwenda na moshi, na majivu, yenye ile potasiamu, yanasubiri upepo na mvua ya kwanza viyateremshe bondeni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwezi ni kukata nyasi, wala si palizi au kuchimba mashimo, na anayeahirisha hadi wiki ya mwisho hukuta kilima cheusi. Wanaojua kazi hawazibebi siku hiyohiyo. Huziacha zimelala palepale siku tatu nne: zinapungua uzito, na mbegu nyingi hupukutikia kilimani badala ya kuja kuota kibanjani. Kwa mama anayebeba mizigo kumi kwa kichwa, huo upungufu wa uzito ni jambo kubwa.

Kutandaza nako kuna ufundi. Mizizi ya mgomba inayolisha iko karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo matandazo yanatakiwa yafunike eneo lote kati ya mashina, unene wa kiganja hivi. Lakini yasiguse shina. Nafasi ya kama nusu mita iachwe wazi kuzunguka kila shina, la sivyo fukusi wa migomba, anayependa unyevu na giza, anapata makazi bora kuliko ya mwenye shamba. Nimeona vibanja vilivyotandazwa vizuri kwa macho, nyasi zimekumbatia kila shina kama shuka, na ndivyo vinavyoangusha migomba upepo wa Oktoba ukivuma. Shina lililokwisha kuvunwa lipasuliwe kwa urefu na kuanikwa likauke. Likiachwa zima, fukusi hutaga humo. Vipande vichache vinaweza kutumika kama mtego: unavilaza upande uliopasuliwa ukigusa udongo, kisha siku kadhaa baadaye unapita asubuhi kuwaokota waliojificha.

Nyasi peke yake hazitoshi, hasa kwa nitrojeni. Zikianza kuoza, vijidudu vya udongo huikopa nitrojeni iliyopo kabla ya kuirudisha, na kwa wiki kadhaa mgomba unaweza kuonekana wa manjano ilhali umetandaziwa vizuri. Dawa yake ni samadi kuwekwa chini ya nyasi. Agosti samadi ni kavu, nyepesi na rahisi kubeba. Tatizo ni kwamba lundo lililopigwa na jua tangu Juni limeshapoteza sehemu nzuri ya nitrojeni yake hewani. Nyumba chache hulifunika lundo kwa majani ya migomba tangu mwanzo wa kiangazi, na kwa maoni yangu hakuna kazi nyingine ya kibanja inayolipa hivyo kwa jasho dogo hivyo. Udongo wa Karagwe kwa sehemu kubwa ni wenye asidi na unapungukiwa fosforasi, kwa hiyo majivu ya jikoni nayo yasitupwe njiani: yachanganywe na samadi pale inapofukiwa.

Ndipo panga linaingia. Majani makavu yanakatwa na kulazwa chini. Kila shina hubakiziwa mama, mtoto na mjukuu, na watoto huchaguliwa upande mmoja ili shamba zima lisogee pamoja bila kubanana. Ndipo pia hatari kubwa ya mwezi ilipo. Mnyauko wa migomba, ambao wengi huuita unyanjano, ulithibitishwa Kagera katikati ya miaka ya 2000 baada ya kuisumbua Uganda tangu 2001. Bakteria wake husafiri kwa njia mbili kuu: wadudu wanaotembelea ua dume, na panga la mwenye shamba. Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara tu kichana cha mwisho kinapotokeza, bila kulikata kwa chuma. Panga lichovywe kwenye jiki, sehemu moja kwa tano za maji, au lipitishwe motoni kila unapohama shina. Wakati wa palizi ya kawaida kosa la kutosafisha panga huathiri mashina machache. Agosti, mtu anapokata majani ya kibanja chote kwa siku mbili na panga moja, ugonjwa unaweza kutembezwa kutoka mpaka hadi mpaka. Shina lililoambukizwa likatwe usawa wa ardhi mara linapoonekana, na watoto wanaochipua wakiwa wagonjwa wakatwe vivyo hivyo. Kung'oa kisiki kizima, kama ilivyoshauriwa mwanzoni, kuliwamaliza watu nguvu, na wengi waliacha ugonjwa ubaki.

Mengine ya mwezi ni mafupi. Mashimo ya migomba mipya huchimbwa sasa, udongo wa juu ukitengwa na wa chini, ili mvua iyakute yameiva. Mbegu ya maharage hutolewa, hupembuliwa, na iliyotobolewa na wadudu huenda chunguni. Mifereji ya bati husafishwa kabla mvua haijaanza kujaza tangi. Kuhusu harusi, ndizi za rubisi, pombe ya ndizi, huivishwa shimoni, hukandwa kwa nyasi, na juisi huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa. Makapi na nyasi zake huishia kibanjani, hivyo hata sherehe inachangia matandazo, ingawa sijamsikia mtu akiitaja kama sababu ya kuoa.

Kinachobaki ni swali la nani atabeba nyasi. Rweya zimepungua, nyingine zimepandwa mikaratusi na misindano, na vijana wako mjini au kwenye bodaboda, kwa hiyo mizigo mingi sasa hulipiwa. Fedha ya kulipia, kwa nyumba nyingi za Igurwa, ni ya kahawa. Robusta ya Kagera huvunwa zaidi kati ya Mei na Agosti. Matunda huanikwa kwenye turubai, hufunikwa jioni umande usiyarudishie maji, hadi buni icheze ndani ya ganda ikitikiswa, na unyevu ukaribie asilimia 12. Tangu msimu wa 2018 kahawa inatakiwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) na vyama vikuu kama KDCU cha Karagwe, na malipo hufuata ratiba ya chama na mnada. Nyasi hazina ratiba hiyo. Aliyeuza butura, yaani kahawa ikiwa bado maua, alikwisha kupokea fedha kidogo mapema na kuilipia ada au hospitali; Agosti anavuna kahawa ya mtu mwingine na hana cha kumlipa mbebaji. Kibanja chake hakitandazwi, mibuni inakosa unyevu na chakula, mwaka unaofuata matunda ni machache, na butura inamrudia mapema zaidi. Wanaopiga vita butura huipima kwa bei ya kilo ambayo mkulima alipunjwa. Hasara ya nyasi zisizoshuka kutoka rweya haimo kwenye hesabu yao, na chama ambacho kingetoa malipo ya awali ya mizigo hamsini tu ya nyasi mwezi Julai, kisha kuyakata kwenye kahawa, kingekuwa kimekopesha shamba badala ya mlevi, mgonjwa au mwanafunzi.