Ziwa Tanganyika Ndani ya Pipa

Maji ya bomba ya Glasgow, kule Scotland, ni laini mno. Yanatoka Loch Katrine, ziwa la milimani, na yamekuwa yakiteremshwa mjini tangu 1859. Kwa chai hayana mfano, na birika halishiki ukoko wa chokaa. Lakini mtie humo samaki wa Kigoma, tuseme Tropheus duboisi, yule mweusi mwenye mkanda wa manjano anayeshinda kutwa akikwangua ukoga kwenye mawe. Hata ukimpashia maji hadi nyuzi 26 bado atakuwa ugenini. Kwao maji yana pH ya karibu 9 na yamesheheni madini. Wapo watu Ulaya wanaomfuga huyu, ndugu wa mbali wa sato na kuhe, miaka nenda miaka rudi, akazaa na wanawe wakazaa, kwenye maji waliyoyatengeneza wenyewe nyumbani. Ufundi huo hakuna anayeupigia makofi. Mgeni akiingia sebuleni husifu samaki. Maji hata hayaoni.

Na maji ndiyo kazi yenyewe. Ziwa Tanganyika hupokea Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, chini ya milima ya volkeno ya Virunga, ukiwa umebeba sodiamu, potasiamu na magnesiamu. Njia ya kutokea ni moja, Mto Lukuga unaoelekea Kongo, na sehemu kubwa ya maji haipiti hata hapo. Hupaa angani kwa jua. Maji huenda, chumvi hubaki, na imekuwa hivyo kwa mamilioni ya miaka. Kalsiamu ndiyo haikai: huganda juu ya mawe ya ufukweni ikawa ukoko wa chokaa. Ndiyo maana lita moja ya ziwa hili ina magnesiamu miligramu 40 hivi na kalsiamu kama 10 tu, kinyume kabisa cha maji ya London, ambayo ugumu wake ni wa chokaa. Kwa hiyo nina mashaka na zile paketi za dukani zinazouzwa kwa ajili ya samaki wa maziwa ya Afrika, kana kwamba Afrika ina ziwa moja. Nyasa ina pH ya 7.8 hadi 8.6 na madini yake hayafiki nusu ya Tanganyika. Victoria ni laini zaidi ya hapo.

Fundi wa Glasgow hanunui paketi. Ana pipa, mizani ya jikoni, chumvi ya haluli kwa ajili ya magnesiamu, na ile soda ya unga inayoumulia mandazi, ambayo ni nusu ya magadi tunayotilia makande. Nusu ya pili, ile kali, yeye haitaki. Hesabu yake anaijua kwa moyo. Kupandisha ugumu wa kabonati kwa digrii moja ya Kijerumani katika lita 100 kunataka soda gramu 3. Ziwa liko kwenye digrii 16 hadi 19, bomba lake halina hata moja ya maana, basi anapima gramu 48. Haluli anaitia kwa mkono mzito kidogo kuliko anavyopenda, maana inakuja na salfeti, na Tanganyika ina salfeti kidogo sana. Hapo hana la kufanya.

Sasa ndipo unapomjua fundi na mwanagenzi. Soda ikishayeyuka, pima pH: utapata 8.3 hivi. Mwanagenzi anaona haijafika, anaongeza soda, bado 8.3, anakimbilia dawa ya chupa ya kupandisha pH. Fundi anatumbukiza jiwe la hewa ndani ya pipa, anawasha pampu, anakwenda kulala. Asubuhi maji yale yale, bila kuongezwa kitu, yanasoma 8.8 au 9. Kilichotokea ni kwamba mapovu yametoa kaboni dioksidi ya ziada hadi maji yakawa sawa na hewa ya chumba, na maji yenye kabonati kiasi kile, yakishapatana na hewa, hutua karibu na 9 yenyewe. Ziwa nalo limefika hapo kwa njia hiyo hiyo, kwa upepo na mawimbi.

Hili lina mkia wake. Majira ya baridi, madirisha yakifungwa na watu wakijazana ndani, hewa ya sebuleni hujaa kaboni dioksidi, na pH ya tangi hushuka bila mtu kugusa kitu. Fundi akiiona hashtuki. Anachukua kichupa cha maji mililita 5, anadondosha dawa ya kupimia tone kwa tone, anatikisa, anakiinua dhidi ya karatasi nyeupe. Maji ni ya buluu. Tone la kumi, bado buluu. La kumi na tano, bado. La kumi na saba, yanageuka manjano ghafla. Kila tone ni digrii moja, na digrii hazijapungua, kwa hiyo anaacha. Hicho ndicho ninachokistahi zaidi katika kazi hii: kujua kipimo gani kinasema kweli na kipi kinapeperuka na hewa ya chumba, halafu kutoligusa tangi.

Zile digrii lakini huliwa. Samaki hutoa amonia matamvuani. Bakteria walioota kwenye sponji ya kichujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na katika kazi hiyo huzalisha asidi inayokula kabonati siku baada ya siku. Katika pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika umbo lenye sumu. Katika pH 9, ni zaidi ya theluthi. Samaki wa Tanganyika basi anaishi mahali ambapo uchafu wake mwenyewe ni hatari kuliko kwingine, na kichujio kichanga kisichomaliza mwezi hakimfai. Kule Ziwa Magadi, Kenya, ambako pH hufika 10, kuna perege mdogo aliyelimaliza tatizo hili kwa namna yake: hatoi amonia, hutoa urea. Duboisi hana ujanja huo.

Tangi lililosahauliwa ndilo linaloua. Kabonati zikiisha pH huporomoka, bakteria hulegea, amonia hujikusanya, lakini kwa kuwa pH iko chini haina makali na samaki wanaonekana wazima. Siku mwenyewe anapokumbuka wajibu wake, anamwaga nusu ya maji na kujaza mapya, safi, yenye soda ya kutosha. pH inaruka, amonia yote iliyokuwa imelala inakuwa sumu kwa mara moja, na kufikia jioni samaki wanaelea. Atalaumu maji mapya. Fundi akikabidhiwa tangi la namna hiyo hubadili sehemu ndogo ndogo kwa siku nyingi, akipima amonia kwanza, pH baadaye. Na kama mji wake unatia kloramini kwenye bomba, anajua pia kwamba dawa ya kuivunja huacha amonia, ndani ya maji aliyoyapandisha mwenyewe hadi 9.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo anayoitumia samaki wapya wanapofika kutoka Kigoma. Safari ndefu ndani ya mfuko uliofungwa huwafanya wapumulie maji yao wenyewe. Kaboni dioksidi hupanda, pH hushuka, na mshuko huo ndio unaowakinga na amonia waliyoitoa njiani. Ukifungua mfuko gesi hutoka na kinga huisha. Wengi hufungua wakaanza kudondoshea maji ya tangi polepole, saa nzima au mbili, wakidhani wanamzoesha samaki taratibu. Fundi ameshayaandaa maji yake tangu juzi, digrii 17, pipa limepigwa hewa usiku kucha. Mfuko anauelesha ukiwa bado umefungwa mpaka joto lilingane, anaukata, anawavua kwa wavu upesi na kuwaingiza. Maji ya mfukoni humwagwa. Hata kikombe kimoja hakiingii kwenye tangi.